Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita mlituagiza tuache kulilia mashine za kuwasaidia watoto kupumua tusizo nazo, tuzitumie ipasavyo tulizo nazo. Agizo hilo ndilo lililoongoza kamati mwaka mzima.

Nianze na oksijeni. Sote tunakariri kwamba ni dawa, lakini wodini bado tunaifungulia kama bomba la maji. Mtoto njiti anayepewa oksijeni tunataka kipimo chake cha oksijeni kwenye damu kibaki kati ya asilimia 90 na 95. Kikishuka, ubongo na moyo vinakosa hewa. Kikipanda kikakaa huko juu, mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaharibika na mtoto anaweza kupofuka. Kate Campbell wa Australia alihusisha upofu wa njiti na oksijeni nyingi tangu 1951, na bado katika ziara zetu tumekuta watoto ambao kipimo chao kinasoma asilimia 100 saa nzima bila mtu kugusa kipimo cha mtiririko. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote ya mwaka huu.

Nimeona pia kazi ya kujivunia. Usiku mmoja nilimkuta muuguzi kijana kando ya njiti aliyekuwa kwenye sipapu, kifaa kinachopeleka hewa puani kwa shinikizo lisilokatika. Mapovu yalikuwa yamekoma kwenye chupa ya maji ambamo mrija wake wa kutolea hewa huzamishwa. Hakukimbilia kuongeza oksijeni. Alimtazama mtoto kwanza: vijiti vya pua vilikuwa vimeteleza na mdomo uko wazi. Akavirudisha, akainua kidevu taratibu kwa kidole kimoja, na maji yakaanza kutokota tena. Alijua kwamba mrija ukizama sentimita 5, shinikizo la sentimita 5 za maji ndilo linalozuia vifuko vya mapafu visinywee, na mapovu yakikoma basi hewa inavujia mahali.

Mafunzo ya dakika ya kwanza ya uhai yalihudhuriwa vizuri. Mtoto akikaushwa na kusuguliwa mgongo asipumue, mfuko na barakoa vya kumpulizia hewa vianze kabla dakika haijaisha, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika. Kasoro ilikuwa ileile karibu kila kundi: kichwa kimeinama, barakoa imekandamizwa, mfuko unaminywa na kifua hakinyanyuki. Waliofanya vizuri siku ya mafunzo tuliwarudia baadaye, mikono ikawa imesahau. Nimeshawishika kwamba semina moja kubwa kwa mwaka haitoshi.

Kwa watoto wakubwa kidogo tulisisitiza kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 na zaidi chini ya miezi 2, 50 kabla ya kutimiza mwaka, 40 kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 5: hapo tunafikiria nimonia. Kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4 kunapotosha, kwa sababu kichanga hupumua kwa kuchachamaa kisha akatulia. Na kifua kinachobonyea ndani kila anapovuta hewa hakisubiri hesabu.

Hatukukamilisha mwongozo wa kumwachisha mtoto oksijeni hatua kwa hatua. Niliuahidi mimi, na lawama ni yangu. Aidha, muuzaji mmoja alituletea mashine za kuzalisha oksijeni bila vichujio vya akiba; mbili zilisimama wakati tunazihitaji. Barua zetu hazijajibiwa.

Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Wanaodaiwa ada wanajijua, naomba walipe leo.

Kamati inaleta maazimio mawili. Kila wodi ifanye zoezi la mfuko na barakoa dakika 10 kila wiki, kwenye zamu, wa usiku wasiachwe. Na fedha za vifaa za mwaka ujao zianze kununua vihisi vya kipima oksijeni vinavyokaa kwenye mguu wa njiti, kabla ya mashine yoyote mpya. Naomba tuyapigie kura kabla ya uchaguzi wa viongozi.