Mnamfundisha mama, mwenye kijiko ni bibi

Ndugu Mhariri,

Wiki ya Unyonyeshaji Duniani imepita, tarehe 1 hadi 7 Agosti kama kila mwaka, na mabango yake yamebaki yakipigwa jua kwenye kuta za zahanati. Picha ni ile ile: mama kijana, mtoto kifuani, na maandishi yanayomtaka ampe maziwa yake tu kwa miezi sita, bila maji wala uji. Sina ugomvi na ujumbe huo. Ugomvi wangu ni na picha, maana mama yumo peke yake. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Tandahimba, kazi yangu ni kuingia majumbani mwa watu, na sijawahi kumkuta mzazi yuko peke yake.

Huku kwetu kusini binti akikaribia uzazi wa kwanza, mara nyingi hurudi kwa mama yake. Tuwe Wamakonde, Wamwera, Wayao au Wamakua, kwa asili ukoo tunauhesabu upande wa mama. Kwa hiyo bibi mzaa mama si mgeni aliyekuja kumtazama mjukuu. Nyumba ni yake na mtoto ni wake. Katika zile siku arobaini yeye ndiye anayechemsha maji ya kumkanda mzazi, anayepika uji wa pilipili manga ili maziwa yashuke, anayemwogesha mtoto na kumbembeleza usiku. Na kijiko anakishika yeye. Muuguzi amezungumza na binti dakika kumi, tena huku foleni inamsubiri. Bibi anazungumza naye kutwa kucha.

Kuna nyumba niliingia mtoto akiwa na wiki kama tatu hivi. Juu ya kigoda palikuwa na kikombe cha plastiki kimefunikwa na kisahani, ndani yake maji ya uvuguvugu na kijiko cha chai. Binti alinitazama, akamtazama mama yake, akainamisha kichwa. Nikamwamkia bibi, nikauliza maji ni ya nani. Wala hakuficha. "Mwanangu, na joto lote hili? Hata kifaranga anakunywa maji." Kisha akatoa lile hasa lililokuwa likimkera: "Tena maziwa yenyewe mepesi, hayana kitu."

Nilimwomba binti anawe mikono, akamue kidogo kwenye bilauri kabla mtoto hajanyonya. Mtoto akanyonya titi lile lile mpaka likalegea, ndipo binti akakamua tena kwenye bilauri ya pili. Tukaziweka zote dirishani. Ya kwanza ilikuwa na maziwa membamba yanayokaribia kuonyesha upande wa pili. Ya pili mazito, meupe, yameshika kingo za bilauri. Nikamwambia bibi kwamba yale membamba yanatangulia kumkata mtoto kiu, na yale mazito yanafuata kumshibisha. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa ya mama ni maji, na maji hayo ni salama kuliko yoyote tunayochota sisi huku juu, ambako ndoo moja ni safari. Bibi aliziinua bilauri kwenye mwanga, moja moja, akasema, "Kumbe yana zamu." Sitaapa kwamba kijiko hakikurudi tena. Mtoto akishikwa na chango usiku wa manane, bibi hakosi mzizi wa kuchemsha. Ila tangu siku ile maji hayakuwa tena hoja kati yangu na yeye.

Ukiwauliza akina mama kwa nini wameanza uji mapema, wengi watakujibu neno moja: maziwa hayatoshi. Mimi siwakatalii. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyonyonywa. Mtoto akijazwa maji vijiko vitano anasinzia, anaruka zamu ya kunyonya, titi linakaa limejaa na mwili unapata taarifa kwamba hayahitajiki. Baada ya wiki yamepungua kweli, na bibi anasema si niliwaambia. Mtoto naye kulia kwake si njaa tu. Analia kwa joto, kwa nepi, kwa kutaka kubebwa. Lakini katika nyumba iliyojaa watu wazima, kila kilio kinatafsiriwa kuwa njaa, na mzazi mwenye miaka kumi na tisa hana ubavu wa kubisha.

Kuna na hili la kubemenda, ambalo wataalamu wakija kwenye semina wanalicheka. Imani ni kwamba wazazi wakikutana kimwili kabla mtoto hajakomaa, maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofu. Nimewaona waliomwachisha mtoto mapema ili tu baba arudi chumbani. Kukutana kimwili hakuharibu maziwa, hilo tuliseme bila kumung'unya. Kinachomdhoofisha mtoto ni mimba nyingine kuingia haraka akaachishwa titi angali mdogo, na wazee waliliona hilo kwa macho yao kabla ya kliniki kujengwa. Tena kunyonyesha maziwa tupu, usiku na mchana, mtoto akiwa chini ya miezi sita na hedhi haijarudi, kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98. Wakiambiwa hivyo, akina baba nao watamtetea mtoto asipewe uji.

Elimu ya kliniki imesaidia, nisije nikaonekana naibeza. Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zinaonyesha kwamba mwaka 2010 nusu ya watoto wa chini ya miezi sita nchini walikuwa wakipewa maziwa ya mama tu. Kwenye utafiti wa 2015-16 wakawa asilimia 59, na mwaka 2022 asilimia 64. Lakini kiwango hicho kiko juu zaidi kwa wachanga wa miezi ya mwanzo. Mtoto akifika mwezi wa nne na wa tano wanaobaki ni wachache zaidi, na hapo bibi hana kesi peke yake. Hapo inaingia korosho.

Hebu tuhesabu. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya mabango, mwezi wa nane, atakuwa na miezi miwili korosho zikianza kuanguka mwezi wa kumi. Mama ametoka arobaini juzi juzi. Korosho haisubiri: ikilala chini mvua za mwisho wa mwaka zikaikuta, daraja linashuka na bei inashuka nayo. Kwa hiyo mama anaamkia shamba. Mtoto akienda naye, anatandikiwa kanga chini ya mkorosho, kuna siafu, kuna nyoka, na mwenye shamba ananung'unika kwamba kila saa kazi inasimama. Akibaki nyumbani, anaachiwa dada yake wa miaka minane na sufuria ya uji wa mhogo. Aliyezaa mwezi wa tano ana shida nyingine: miezi ile watu wanapuliza salfa, dawa ya unga, kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na hakuna mwenye akili timamu atakayempeleka kichanga kwenye vumbi lile. Huyu mama anajua kila kilichoandikwa kwenye bango. Ukimwuliza atakusomea kwa kichwa.

Wa mjini wana sheria, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa aliyejifungua pacha, na inamtaka mwajiri amruhusu anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Miezi sita ni siku kama 180. Hesabu ya zile 96 zilizobaki kila mtu anajua nani anailipa. Na mama anayebangua korosho kwa kulipwa kilo, siku 84 hizo anazisikia redioni.

Nigusie pia akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, maana kwao kijiko cha bibi ni hatari zaidi. Mama anayetumia dawa vizuri anashauriwa amnyonyeshe mtoto maziwa yake tu kwa miezi sita, kama wengine. Kumchanganyia vyakula mapema kunaongeza hatari ya kumwambukiza. Sasa mama huyo akikataa maji bila sababu inayojulikana nyumbani, minong'ono inaanza. Ikiwa nyumba zote zinakataa maji, hakuna wa kunyooshewa kidole.

Ombi langu kwa halmashauri zetu za Mtwara na Lindi ni hili. Kadi ya kliniki imwite mama pamoja na yule atakayemlea arobaini, na bibi akifika asiambiwe akae nje kwenye benchi. Makungwi washirikishwe, kwa heshima yao. Binti ameshasikia mengi unyagoni kabla hajapimwa mimba, na kungwi akisema jambo mara moja mimi sihitaji kulirudia. Tena vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, ambavyo kila mwaka kabla ya msimu vinawaita wanachama kuzungumzia magunia, makato na ghala, viweke kwenye ajenda suala la wanaonyonyesha: banda la kivuli lenye mkeka karibu na mashamba yanayopakana, na mwanamke mmoja mtu mzima wa kuwaangalia watoto kwa zamu, mama awe anaitwa kunyonyesha. Gharama yake ni makuti, kamba na posho ya mtu mmoja. Mikutano hiyo inaanza wiki chache zijazo, na mhudumu wa afya hana nafasi ya kuongea humo mpaka mwenyekiti amwite.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Tandahimba, Mtwara