Zaituni, kesi hiyo iliishia wapi?

Isevya, Tabora
14 Septemba

Mpendwa Zaituni,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi mzima, ni hili joto la Septemba tu linalotutesa, na maembe bado. Natumai hapo Ujiji wote ni wazima na bibi mguu umepata nafuu.

Rasimu ya tasnifu yako ya sheria nimeisoma yote, na sura ya pili nimeirudia jana usiku umeme uliporudi. Mada umeipata. Mjane wa Kigoma na michikichi aliyoiacha marehemu mumewe: hapo kuna kitu. Wewe huhitaji kuambiwa kwamba ndugu wa marehemu wakilichukua lile shamba wamechukua mawese ya miaka na miaka, ada za watoto zikiwa humo humo. Msimamizi wako wa chuo, wa Dar es Salaam, hilo halijui, kwa hiyo liandike kwa kirefu, usilibane kwenye aya moja kama ulivyofanya.

Ninalogombana nalo ni kesi zako. Kila moja umeitaja siku ilipotolewa hukumu, basi, ukaenda zako. Hujamwambia msomaji iliishia wapi. Uliniuliza ukirudi chuo uanzie rafu gani ya maktaba. Usianzie kwenye rafu. Nenda moja kwa moja kwa mkutubi wa upande wa sheria, umpe hizo kesi, na umuulize swali hilo hilo: hii baadaye ilifika wapi, na nani aliifuata au kuikataa? Wanafunzi wengi humwona mkutubi kama mtu wa kugonga muhuri wa kuazima vitabu. Wanajinyima. Kazi aliyosomea ni hiyo ya kufuatilia, na kwa kawaida hufurahi akiulizwa swali lenye kichwa na miguu.

Chukua hii ya Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory, ambayo umeijengea karibu sura nzima. Ni kweli, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alisema mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake anaweza kuliuza kama mwanaume, kwa sababu Katiba imekataza ubaguzi. Hukumu tamu. Ukaishia hapo, ukaandika kwamba ubaguzi wa kimila “ulifikia kikomo”. Haukufikia kikomo, Zaituni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua shauri la wajane wawili waliopinga kanuni za urithi za Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, zile zinazosema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo, atatunzwa na watoto wake. Mahakama ikakiri kwamba kuna ubaguzi, halafu ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya nyaraka, bila kugusa kiini. Wakapanda juu zaidi, hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja mkataba. Huko utaikuta kwa herufi tu, E.S. na S.C. dhidi ya Tanzania, lalamiko namba 48/2013.

Sasa angalia vilipokaa vituo vya safari hiyo. Kimoja kimo kwenye juzuu za ripoti za kesi, kingine utakipata kwenye TanzLII, hazina ya hukumu mtandaoni, cha mwisho kimo kwenye nyaraka za Umoja wa Mataifa. Mtu aliyekaa chumbani na simu yake anaweza kukutana na cha kwanza akaridhika. Mkutubi ndiye atakayekupitisha kote asubuhi moja. Tasnifu yako inaanzia hapo, kwenye pengo kati ya 1990 na 2015, miaka 25 ambayo mjane wa Simbo au Kalinzi, huko vijijini Kigoma, hajaisikia.

Na ukiingia kwenye juzuu zenyewe, soma mpaka mwisho. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, TLR (Tanzania Law Reports) ya 1983 ukurasa wa 32, kila mwanafunzi anaijua: kazi za nyumbani za mke zihesabiwe kuwa mchango katika mali ya ndoa. Wewe pia umeitaja. Lakini kurasa za mbele zaidi ndizo zinazoonyesha kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokuwa anadai, kwa sababu mahakama iliona kuna fedha za mumewe alizokabidhiwa na akazitumia vibaya. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akashindwa. Ukiliandika hilo msimamizi atajua umeshika kitabu mkononi.

Jingine ni matoleo ya sheria, yaani sheria za nchi zinapochapwa upya pamoja na marekebisho yake. Umetumia Toleo la 2002 mahali pengine na la 2019 mahali pengine, bila kusema. Sasa kuna Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, na katika sheria kadhaa namba za vifungu zimehama. Hapa Tabora nimemshuhudia wakili mmoja, jina lake naliacha, anasoma kifungu kwa sauti ya kujiamini kabisa, jaji akamuuliza kwa upole, “Wakili, hicho ni cha toleo gani?” Akaanza kupekua. Hukumu ya zamani ina namba za zamani, na hiyo si kosa. Wewe andika namba iliyomo kwenye hukumu, kisha utaje na ya sasa. Maktaba nzuri ya sheria haitupi toleo lililopita. Yote yanatakiwa yawe pale, na ukikosa moja omba.

Kabla ya hayo yote lakini, jibu swali la nyumbani kwenu: ni sheria ipi? Umeandika “sheria ya kimila” kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho kana kwamba Ujiji haina misikiti. Mjane wa Kiislamu ana fungu lake, thumni (moja ya nane) akiwapo mtoto, robo asipokuwapo, na hizo ni hesabu nyingine kabisa. Mahakama ya mwanzo inaangalia maisha ya marehemu yalivyokuwa na nia yake, na mlango wa kuingilia ni Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura 358. Pia usichukulie tu kwamba Tangazo Na. 436 linafanya kazi kila wilaya. Sheria za kimila zile zilipelekwa kwenye halmashauri kwa matangazo, na wewe lazima uyaone matangazo yanayotaja ya kwenu. Hayo yamo kwenye Gazeti la Serikali la miaka ya sitini. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna sehemu ya East Africana ndani ya maktaba, huko ndiko pa kuulizia makaratasi ya umri huo. Chuo kile kilianza 1961 kwa kufundisha sheria, wanafunzi 14 tu, kwa hiyo vitabu vya kale vya fani yetu vina mizizi pale. Ripoti za kesi za Afrika Mashariki (EA), za 1957 hadi 1975, ni za kutafuta pia. Nenda na kalamu ya risasi, maana sehemu za namna hiyo hazipendi wino, na beba kitambulisho. Vingi havitoki nje. Utasoma pale pale.

Ukiwa bado Kigoma usikae bure. TanzLII ni bure, inaendeshwa na Mahakama yenyewe, na hukumu za Mahakama Kuu Kigoma zimo. Kesi za mirathi zinazotoka mahakama za mwanzo zikifika Mahakama Kuu mara nyingi huitwa “PC Probate Appeal”, PC ikiwa Primary Court, mahakama ya mwanzo. Andika hivyo ndani ya alama za nukuu pamoja na Kigoma. Kisha tafuta mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: “mjane” na “widow”, “michikichi” na “palm trees”. Sheria ilibadilishwa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi utakazozihitaji ni za Kiingereza. Fungua usiku, bando likiwa la bei nafuu, pakua, usome mchana. Na zile programu za simu zinazojibu kila swali, zitumie kutafuta maneno ya kutafutia, basi. Zinaweza kukutungia kesi yenye jina zuri na namba kamili ambayo haijawahi kuwepo. Kesi ambayo huwezi kuifungua na kuisoma, iache.

Majarida ya nje ni suala la maktaba tena. Uliza kama chuo chenu kimejiunga na GOALI, mpango wa vitabu na majarida ya sheria kwa nchi kama yetu, ulioanza 2018. Anayejiunga ni taasisi, si wewe. Na hakikisha unaweza kuingia ukiwa nje ya chuo kwa jina lako na neno la siri. Hilo lijaribu kabla hujafunga chuo, maana ukishafika Kigoma, kumpigia simu fundi wa kompyuta wa Dar es Salaam ni safari nyingine.

Sura ya tatu sina la kuisemea. Ya kwanza, ukishaingiza hilo la sheria ipi, iache ilivyo, ni nzuri.

Nitumie orodha ya kesi zako peke yake, bila maelezo, kabla ya tarehe 30. Mahakama ya Rufani inatarajiwa kukaa hapa Tabora mwezi ujao na ofisini kwetu hakutakuwa na wa kuinua kichwa. Na mwenye kuja huku kwa treni akiwepo, mpe dagaa. Asali yako ninayo.

Msalimie mama, na bibi pia.

Wako,
Pendo