Warundi wa Katumba na Wakongo wa Nyarugusu, tusiwapime kwa mzani mmoja

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni mama muuza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, mwaka wa ishirini na mbili huu nipo kwenye hii biashara, na naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika kuhusu wakimbizi kwamba Warundi ni watu wa jembe ndo maana wametoka kimaisha, na Wakongo ni watu wa miziki na kuvaa ndo maana miaka yote hiyo bado wanakula mgao kambini. Ile barua niliisoma nimekaa juu ya magunia yangu na kwa kweli iliniuma, nikampa kijana wangu naye asome, akasema mama huyu mtu hajafika huko. Mimi nimefika. Dagaa zimenipeleka makazi ya Warundi ya Katumba kule Mpanda, zimenipeleka Ulyankulu kule Tabora, zimenipeleka mpaka Kasulu kwenye masoko ya jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu.

Nianze na Katumba. Mara ya kwanza naenda nilipanda treni hapa Mwanza mpaka Tabora, pale unabadilisha unachukua ya Mpanda, magunia yangu nane yako behewa la mizigo na roho iko juu maana ilikuwa masika na dagaa zikilowa ndo basi tena, unauza chakula cha kuku. Nilikuwa nimeambiwa naenda kwa wakimbizi, kichwani nikawa na picha ya maturubai na watu wamepanga foleni na mabakuli. Nimefika nakuta nyumba za tofali zimeezekwa bati, mashine za kusaga, mahindi yamejaa kwenye maghala, maharage, mihogo, tumbaku, watoto na sare za shule ya msingi kama za huku kwetu. Dagaa zangu ziliisha siku mbili na walinilipa keshi.

Mteja wangu mkubwa pale alikuwa mama mmoja, yeye ananiita dada nami namwita dada ingawa kanizidi umri. Alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake mwaka 1972, yale mauaji ya Burundi wakati wa Rais Micombero, Wahutu waliosoma na wasiosoma walikuwa wanachukuliwa usiku hawarudi. Mimi hadithi hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia kwa mtu aliyepitia ndani yake. Akaniambia walivyoletwa huku ilikuwa pori tupu, ndorobo, simba wanalia usiku, watu wengine walikufa, ila serikali ya Mwalimu ilifanya kitu kimoja, ilikata ardhi ikagawa. Kila familia karibu hekta 5, ni ekari kama kumi na mbili hivi, na jembe na panga na mbegu, chakula cha msaada kilikuwa cha kuwasogeza mpaka wavune. Hivyo hivyo Ulyankulu, na Mishamo iliyofunguliwa 1978 baada ya Ulyankulu kujaa na maji kuwa shida. Ilipofika 1985 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walikuwa wameshakabidhi makazi yote matatu kwa serikali kwa sababu watu walikuwa wanajilisha wenyewe na ziada wanauza. Mwalimu alipewa ile tuzo ya Nansen, ya watu waliosaidia wakimbizi, 1983 na mi naona alistahili.

Sasa hapa ndo naomba msomaji mwenzangu asome taratibu. Huyu dada yangu wa Katumba, pamoja na jembe lake lote na bidii yake yote, kwa miaka tisa niliyokuwa namuuzia hakuwahi kukanyaga Mwanza. Mimi ndo nilikuwa napeleka mzigo. Kutoka kwenye makazi alitakiwa aombe kibali, na akikutwa bila kibali ni polisi, kwa hiyo alikuwa ananunua kwangu kwa bei yangu mimi. Nasema ukweli, nilikuwa napata faida nzuri sana kwa sababu yeye alikuwa hawezi kuja kuona bei ya Mwaloni. Serikali iliwapa nafasi ya kuchagua 2007, warudi Burundi au waombe uraia, walikuwa watu zaidi ya laki mbili na wengi mno, kama wanne katika kila watano, wakaomba uraia. Maombi yao zaidi ya 162,000 yakakubaliwa kufikia 2010, halafu ikawa kimya! Vyeti hawapewi, Burundi wameshaukana uraia, wanaambiwa watahamishwa wasambazwe mikoani, watu wakaacha kujenga, mtu anaogopa hata kupanda mti wa matunda. Miaka minne. Ni mpaka Oktoba 2014 Rais Kikwete alipoanza kugawa vile vyeti na wakaruhusiwa kubaki walipo.

Mwaka uliofuata simu inaita asubuhi, dada yangu huyo yuko stendi hapa Mwanza. Nikaenda kumpokea nikamleta mwaloni, akasimama pale mitumbwi inaposhusha akawa anauliza bei, anasogea kwa mwingine anauliza tena, anafunua gunia anashika dagaa anazinusa kama aliyezaliwa Igombe. Cheti chake cha uraia alikuwa nacho ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya kanga. Toka siku hiyo sikumuuzia tena kwa ile bei ya mwanzo, na leo ana stoo yake na watoto wawili wamemaliza chuo. Huyu ni mtu yule yule, mikono ile ile, kilichoongezeka ni kile cheti.

Haya twende Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa 1996 vita ya Kongo ilipoanza, wengi ni Wabembe wa Fizi na watu wengine wa Kivu ya Kusini, walivuka Ziwa Tanganyika na mitumbwi usiku na watoto. Hawa walikuja na Kiswahili mdomoni tayari! Sio Kiswahili chetu hiki, wana chao cha kule, ila unaelewana naye siku ya kwanza unayokutana naye, na ni watu wanaojua ziwa, wanajua samaki, wanajua biashara. Kama ni kichwa cha biashara mi sijaona wanawake kama wa Kongo, waulizeni wenzangu wa hapa Kirumba ni nani anayebeba magunia mpaka Lubumbashi huko. Ila waliopo kambini hawakupewa ekari hata moja. Wamepewa kiwanja cha kujenga kibanda na mgao wa unga, kunde, mafuta na chumvi, na ruhusa ya kutembea kilometa nne kutoka kambini, ukizidi hapo bila kibali umevunja sheria. Ukienda kuni kwenye msitu wa mwanakijiji ni ugomvi, wanawake wamepigwa na kubakwa huko kwenye kuni, hili nalo mwandishi wa barua hakuliandika.

Na pamoja na hayo walikuwa wanahangaika. Kwenye yale masoko ya pamoja, wanakijiji na wakimbizi wanauziana, nilikuwa na mteja Mkongo mjane, alianza kununua kwangu debe mbili anapima kwa vibaba, mwaka wa tatu anachukua magunia matano na anafuma vitambaa pembeni na kasomesha mdogo wake cherehani. Kuanzia 2018 masoko yakaanza kufungwa, ikasemwa ni usalama, mi sijui siasa zake, ninachojua ni kwamba mzigo wangu wa mwisho alikuwa ameuchukua kwa mkopo. Nikasema hapo nimeliwa. Yule mama alinilipa! Alikuwa anatuma kidogo kidogo kwa mtu wa kijijini mwenye laini ya simu, elfu tano, elfu tatu, mara elfu kumi, mwaka mzima na kitu, mpaka likabaki deni la debe moja na nikamwambia hilo aache nimemsamehe. Huyo ndo mvivu? Kabla ya hapo WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walikuwa wamejaribu kuwapa hela badala ya chakula, mtu anaamua mwenyewe anunue nini, na kiukweli sisi wafanyabiashara tulifurahi sana maana hela ile ilikuwa inazunguka mpaka vijijini, 2017 nayo ikasimamishwa. Na 2023 mgao ulishuka mpaka nusu. Nusu ya mgao ambao hata ukiwa mzima ulikuwa haushibishi, na huruhusiwi kulima, huruhusiwi kuuza, huruhusiwi kutoka.

Na kama bado mtu anabisha kwamba ni kabila au ni damu, basi awaangalie Warundi waliokuja 2015 baada ya lile tatizo la Rais Nkurunziza wa Burundi kutaka awamu ya tatu, wakawekwa kambi ya Nduta kule Kibondo. Ni Warundi hao hao, jembe lile lile, wengine ni ndugu kabisa wa hawa wa Katumba. Walikuwa wanakula mgao kama Wakongo, vibanda kama vya Wakongo, wamechoka kama Wakongo. Hoja ya msomaji mwenzangu ingekuwa kweli hao nao wangekuwa na maghala.

Kilichobadilika ni sisi. Mwaka 72 nchi ilikuwa na pori kubwa na inataka watu walime, ni enzi za vijiji vya Ujamaa, mgeni alikuwa nguvu kazi. Ikaja 1994, sisi wa kanda ya ziwa hatuwezi kusahau, robo milioni ya Wanyarwanda walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja tu, maiti zinateremka mto Kagera zinaingia ziwani, mi nilikuwa binti mdogo Ukerewe, nakumbuka mama alikataa samaki asiingie ndani mwetu wiki na wiki. Nchi iliogopa na haikukosea kuogopa, misitu iliisha, bunduki zilizagaa. Lakini kutoka pale ndo tukaingia kwenye mambo ya kambi na sheria ya wakimbizi ya 1998, na Wakongo waliokuja 1996 wakaangukia upande huu wa pili wa mlango. Hawakuchagua mwaka wa kukimbia.

Jambo linaloniumiza zaidi ni watoto. Watoto wa Katumba walisoma mtaala wetu, wakafanya mitihani yetu, leo ni walimu na manesi na wengine mnakaa nao ofisini hapo mjini hamjui hata wametokea wapi. Mtoto wa Nyarugusu anasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, kwa ajili ya kurudi nchi ambayo hajawahi kuiona na vita haijaisha. Aliyezaliwa pale mwaka 1997 leo ana watoto wake. Ana cheti cha Kifaransa, anaongea Kiswahili, anakaa Kigoma, na hakuna ofisi Kasulu inayoweza kumuajiri. Wengi walikuwa wanaishi kwa tumaini la kwenda Marekani, na ni kweli maelfu walienda, wapo waliobaki wanatumiwa dola na ndugu zao na ukiona mtu kavaa vizuri kambini mara nyingi ni hiyo. Mlango huo nao Marekani waliufunga Januari 2025, watu walishafanya usaili, walishapimwa afya, walishauza godoro.

Sisemi Katumba ni peponi. Wapo wazee kule mpaka leo hawana hati ya lile shamba walilofyeka kwa mikono, na mtu akiwa na hasira bado anamwita mwenzake mkimbizi hata kama cheti anacho. Ila mtu anapokuwa na shamba, shule na ruhusa ya kupanda basi, matusi hayamfanyi alale njaa.

Ninachoomba mimi kwa wakubwa wanaosoma gazeti hili ni masoko ya pamoja yafunguliwe, hata kama ni siku mbili kwa wiki na polisi wakae pale, tuko tayari kulipa ushuru kama tunavyolipa hapa. Na hawa vijana waliozaliwa kambini wapewe vibali vya kazi na biashara, sheria haijakataza kibali cha kazi, ni kutoa tu. Hatuwezi kumfungia mtu miaka karibu thelathini halafu tukamwandika gazetini kwamba hajishughulishi.

Na wewe msomaji mwenzangu, sina ugomvi na wewe. Katumba wanashuka hapa kununua wiki za giza, wakati taa ziko ziwani na dagaa ni nyingi. Uliza mama wa Katumba kwenye mwalo, utaonyeshwa. Mwambie nimekutuma, umuulize mwenyewe alikuwa na nini kabla ya 2014.

Mama Dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza