Salamu za Krismasi kwa Mama Zetu wa Vihambani

Shikamooni mama zetu, bibi zetu na shangazi zetu wa Rombo, Mwika, Marangu, Old Moshi, Kibosho, Machame na kote mlimani Kilimanjaro. Nanyi dada zetu mliobaki nyumbani, poleni na maandalizi. Sisi Wachaga wana wenu tunaoishi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi na ng'ambo tunawatumia salamu za Krismasi kwa heshima na furaha. Kama ilivyo desturi, Desemba ikikaribia kwisha tunajaza mabasi kupanda Moshi, huku watani wetu wa makabila mengine wakisema kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Wanatania, lakini wamegusa jambo, kwa kuwa anayehesabiwa siku hizo ni yule anayerudi, naye aliyekaa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, mwaka mzima hana wa kumhesabu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mama wa Kichaga, ujio wa wageni ndio mwanzo wa kazi nyingine juu ya zile za kila siku. Mbege, pombe yetu ya ndizi tunayoinywa siku ya sikukuu, ilianza kuandaliwa siku nyingi kabla hatujakata tiketi: ulezi uliloweshwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa, kisha ndizi zilizoiva zikachemshwa na kuachwa zichache kabla ya kuchanganywa na uji wa kimea hicho na kutiwa gome la msesewe ili kuleta uchungu wake. Mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, unataka mtu wa kumenya mchare, ndizi zake za kupika, tangu alfajiri. Mbuzi atachinjwa na wanaume, na sifa za nyama zitawaendea wao, ingawa aliyemkatia mbuzi huyo majani tangu akiwa mtoto anajulikana.

Majani yenyewe ni habari ndefu. Vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vikawa vidogo mno kuwa na malisho, na kwa hiyo ng'ombe hufungwa zizini na kuletewa chakula. Mama anayelima mahindi na maharage katika shamba la chini, kule tambarare, hushuka asubuhi akiwa na jembe na hupanda jioni akiwa na mzigo wa majani au mabua kichwani, kwenye mteremko ambao sisi tuliozoea lifti za mjini tunaupanda tukihema na mikono mitupu. Majani hayo na vipande vya migomba ndivyo vinavyotoa maziwa, na samadi inayotoka zizini ndiyo inayorudishwa kwenye migomba, kahawa na magimbi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima, nasi tunajivunia. Ningependa tu wanaousifu mfumo huo wakumbuke kwamba mbolea haijipeleki mgombani.

Kahawa nayo ina historia yake. Chama cha kwanza cha wakulima wa Kichaga kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ambao kila mtoto wa Kilimanjaro anaambiwa kwamba ndio uliomsomesha baba yake. Ni kweli ulisomesha, lakini jina kwenye daftari la chama kwa kawaida lilikuwa la mwanamume, kwa sababu kihamba kilikuwa chake, hata kama waliopalilia, waliochuma na walioanika kahawa walikuwa mke na watoto. Bei ilipoporomoka baada ya mapatano ya kimataifa ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, nyumba nyingi zilishikiliwa na mikungu ya ndizi na maziwa, yaani mali ambayo mila iliwaachia wanawake kwa kuwa ilionekana ndogo. Ada zetu, sisi tuliosoma miaka hiyo, zilitoka huko sokoni.

Nayasema haya katika salamu kwa sababu Desemba ndio msimu wa vikao vya ukoo. Ndugu wakiisha kukusanyika, mipaka hutazamwa upya kwenye masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, kihamba cha marehemu hujadiliwa, na maamuzi hufanywa na watu ambao wengi wao hawajashika jembe pale tangu walipomaliza shule. Mjane aliyelima eneo hilo maisha yake yote huwa jikoni akigawa chakula cha wanakikao. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zilimweka binti katika daraja la mwisho la urithi, na mjane mwenye watoto akaambiwa fungu lake ni kutunzwa nao. Hata hivyo, mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory wa Kagera aliyeuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, iliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Tunaokwenda nyumbani na digrii zetu hatuwezi kusema hatukusikia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pamoja na vitenge, sukari na mafuta tunayobeba, mwaka huu kikao kisianze kabla mama hajaketi, na kama kuna kihamba kinachogawanywa, jina lake liandikwe kwenye karatasi mbele ya mashahidi na nakala ipelekwe ofisi ya kijiji. Kazi ya kuosha masufuria tuwaachie vijana wa kiume waliokuja na simu zao. Wana nguvu za kutosha.

Mama zetu, Mungu awajalie afya, mvua za kiasi na bei nzuri ya ndizi sokoni. Mabasi yamejaa, lakini tutafika. Tunawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.