Barua kwa wauguzi wa zamu ya asubuhi

Wanangu wauguzi na wakunga,

Salaam nyingi kutoka Arua, Uganda. Nilivaa sare ya uuguzi mwaka 1982, nikaivua 2020. Nilikuwa nimeshaamua kulima karanga zangu na kunyamaza. Lakini mwezi uliopita nililala siku tatu mkekani, kando ya kitanda cha mjukuu wangu aliyekuwa na malaria kali, na niliyoyaona yameninyima usingizi kuliko sakafu yenyewe.

Mtoto alipokelewa saa mbili usiku. Sindano ya kwanza ya artesuneti, dawa ya malaria kali, alipewa papo hapo, na yule muuguzi wa usiku ana mkono mwepesi, Mungu ambariki. Ratiba mnaijua: ya kwanza akipokelewa, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Basi ya pili ikaangukia saa mbili asubuhi, wakati ule ule wa kupokezana zamu. Wa usiku akawaachia wa asubuhi. Wa asubuhi wakadhani usiku wameshaitoa. Walikutana mlangoni, mmoja mkoba begani, mwenzake bado anafunga mkanda: "Wodi iko salama." Wakaagana.

Saa nne nikauliza. Nikajibiwa, "Mama, huyo si mgonjwa wangu. Muulize aliyekuwa usiku."

Si mgonjwa wako? Ni wa nani, basi, naye amelala katika wodi yako?

Ukutani pale pameandikwa kwa rangi ya buluu: huruma, uadilifu, kazi ya pamoja. Nimeyasoma mara nyingi nikiwa chali mkekani. Hakuna anayejifunza uuguzi ukutani. Muuguzi mgeni hutazama inchaji, yaani mkuu wa wodi, anafika saa ngapi, anayekosea anafanywa nini, mama asiye na kitu anajibiwaje. Wiki mbili tu, ameshaiva, kwa uzuri au kwa ubaya.

Sisi hatukuthubutu kutoka kabla wote wawili, anayeondoka na anayeingia, hawajapita kitanda kwa kitanda. Jina lake. Anaumwa nini. Dawa ya mwisho saa ngapi, inayofuata saa ngapi. Dripu imebaki kiasi gani. Amekojoa? Wagonjwa 30 walituchukua nusu saa. Miaka ile tulikosa mengi, hata vitambaa tulivichemsha tukavitumia tena, lakini habari ya mgonjwa hatukuikosa, maana hiyo haingoji bajeti ya serikali. Fungueni chati mbele ya kitanda, mbele ya mama wa mtoto, kwa kuwa yeye amekesha na anakumbuka mpaka rangi ya mkojo. Na dawa inayoangukia saa ya kupokezana itajwe, kisha mmoja atamke, "Hii nitaitoa mimi."

Sasa nifike kwenye lililoniuma zaidi. Saa saba mchana binti mmoja mwanafunzi alipitia chati, akaona kisanduku kitupu, akaenda kumwambia mkubwa wake. Alifokewa mbele ya kina mama wote: anajifanya daktari, anataka kuwachongea wenzake. Sindano ikatolewa, na kwenye chati ikaandikwa saa mbili asubuhi. Saa ya uongo! Wa usiku akiifuata, anampa mtoto dozi ya tatu baada ya muda wa saa saba tu, badala ya 12. Ilibidi niwaeleze mimi, bibi kizee wa mkekani. Na binti yule mmemfundisha nini? Kwamba siku nyingine akiona kosa, anyamaze.

Makosa yatatokea, wanangu. Hata mimi niliwahi kumpa mgonjwa dawa ya jirani yake. Nikaenda kusema huku natetemeka, na sista mkubwa akaniambia, "Twende tumwangalie kwanza." Alinikemea baadaye, mlango umefungwa. Mgonjwa alipona, nami sikurudia.

Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, wauguzi wa hospitali ya Lacor walizika wenzao hadi wakataka kuondoka. Dk. Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali, alikaa nao, akasema yeye atabaki. Wakarudi wodini. Tarehe 5 Desemba ugonjwa ule ule ulimchukua. Wakubwa wa wodi, nyinyi mnatazamwa vivyo hivyo.

Wala lawama zote si zenu. Ada za matibabu zilifutwa katika vituo vya serikali mwaka 2001, wananchi wakaja kwa wingi, na ni haki yao. Lakini muuguzi wa usiku bado anaachwa peke yake na wodi nzima, kisha akichelewa kufika kitanda cha mwisho ndugu wa mgonjwa wanamrekodi kwa simu na kumtukana. Jamii inayomtukana muuguzi saa tisa usiku isitarajie tabasamu asubuhi.

Mengine mnayajua: msipokee hela ya mgonjwa, msiuze dawa yenye muhuri wa serikali, msimseme mgonjwa kwa lugha mnayodhani haielewi.

Na wewe binti mwanafunzi, jina lako sikulipata. Mjukuu wangu anakimbiza kuku uani ninapoandika haya. Uliza nyumba ya sista mstaafu mwenye shamba la karanga, watakuonyesha. Njoo Jumapili unywe chai.

Bibi yenu,
Muuguzi mstaafu, Arua