Omera, usilipe hiyo weji kabla hujasoma hii

Omera,

Vipi Nakuru, mama watoto na vijana wako poa? Sisi huku Kisumu tuko, joto tu ndilo linatumaliza, lakini jioni upepo wa ziwa ukianza mtu anasahau. Nimeona zile picha ulinitumia jana usiku za ile weji ya mtumba, hiyo fimbo ya gofu ya kupandisha mpira kwa umbali mfupi, na swali lako ati nichukue ama niache, nikaanza kukujibu kwa simu nikaona hapana, haya maneno ni marefu, wacha nikuandikie barua kabisa uisome ukinywa chai.

Picha tatu zote ni za uso wa fimbo, vile inang'aa, mistari bado ni mikali, gripu haijaisha. Sawa. Lakini mimi nilivuta karibu ile moja tu ya chini, pale pameandikwa 56 halafu 14. Hiyo 56 unaijua, ni lofti, zile digrii uso wa fimbo umelala nyuma ili upandishe mpira, kila mtu kilabuni anaongea lofti. Hiyo 14 ndio baunsi na hapo ndipo kesi yote iko, na muuzaji najua hajakuambia kitu, maana hata yule aliniuzia yangu alisema tu "hii ni ya kutoa mpira kwa banka, boss", yaani lile shimo la mchanga, nikatoa pesa kama mjinga.

Fanya hivi ukienda kuiona. Isimamishe kwa sakafu ya simiti, mti wake, ule mpini mrefu, uwe wima, usiuinamishe mbele wala nyuma. Utaona yale makali ya mbele hayagusi chini, yameinuka kidogo, kinachogusa ni tumbo la soli. Huo mwinuko, kutoka tumboni hadi kwa makali, ndio unapimwa kwa digrii. Ya 4 mpaka 6 watu huita baunsi ya chini, 7 mpaka kama 10 ya katikati, ikipita hapo ni ya juu. Kazi yake ni kukataza fimbo isizame, yaani soli ikifika chini inateleza na kutoka, badala ya makali kuingia kama jembe. Ndiyo maana yule mchezaji gofu Mmarekani, Gene Sarazen, mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliongezea fimbo yake madini ya risasi ya kuchomelea chini ya soli, akaanza kutoka kwa mchanga bila wasiwasi, na 1932 akachukua mashindano ya Open ya Uingereza pale uwanja wa Prince's. Kabla ya hapo banka ilikuwa mateso tu, unachimba na fimbo nyembamba ukiomba Mungu.

Sasa nikuambie yangu, na usicheke. Ile 58 unaionanga kwa begi yangu ni ya baunsi 4. Niliichukua kwa sababu nilikuwa nimeona wale wa kwa TV wanapiga mpira unapanda juu kama umetupwa na mkono unashuka unasimama. Basi mwezi wa nne mvua ikashika, huku kwetu udongo ukilowa unakuwa kama ugali haujaiva, nimefika karibu na grini, ile nyasi fupi yenye shimo, yadi 20 hivi, chipu ya mtoto, yaani pigo fupi tu, nikapiga. Fimbo ikaingia ardhini ikakwama huko, mpira ukasonga labda urefu wa kiatu, na kedi wangu, yule wa kunibebea begi, akageuka kuangalia ziwa ati kuna kiboko. Hakukuwa na kiboko. Nikapiga tena, vilevile. Siku hiyo nilijilaumu mikono, nikalipia masomo mawili kwa mwalimu, kumbe mimi ni mchimbaji wa asili, nashuka na fimbo wima wima, nikipiga naacha shimo unaweza kupanda sukuma wiki. Mtu kama mimi, na ardhi kama hii, akipewa baunsi 4 ni kama amepewa kisu aende kupalilia.

Wewe sasa ni kinyume. Nimecheza na wewe mara ngapi? Wewe unafagia, nyasi inalala tu kidogo inainuka tena, hata huachi alama. Na Nakuru wakati wa kiangazi, ile Januari na Februari, vumbi limejaa kila mahali na fewei, ile njia ya nyasi ya kuelekea grini, ni ngumu unasikia kiatu kinalia. Hapo 14 itakusumbua sana bro. Tumbo litagonga ardhi ngumu litaruka, makali yatafika kwa mpira yakiwa juu, yaupige kiunoni. Si unakumbuka ile siku uliazima weji ya shemeji, chipu ikapita grini yote ikaenda kulala kwa ua, tukasema ni presha? Haikuwa presha. Enda uangalie ile fimbo ya shemeji imeandikwa ngapi.

Usidhani hiyo namba ni sheria, mikono pia inaibadilisha. Ukifungua uso wa weji, yaani ukiugeuza ulale uangalie juu, baunsi inaongezeka, ndio maana hata yangu ya 4 ukiifungua sana kwa banka inasaidia, na ukisukuma mikono mbele inapungua, digrii kwa digrii, mti ukiinama tano umekula tano. Ila ukitumia hiyo yangu ya 4, kwa mchanga mwingi laini utaiona taabu kidogo, sitakudanganya, hapo ndipo utanikumbuka kwa ubaya.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili: inunue, lakini usiinunue yako, ninunulie mimi. Mimi nitakutumia 58 yangu na matatu ya asubuhi Ijumaa. Wewe una 46 na 52, hiyo 58 inakaa sawa kabisa, lofti zinapishana digrii sita sita. Mimi niko na 50, 56 ndiyo ilikuwa inanikosa. Amesema elfu sita? Anza na tatu na nusu, mwonyeshe gripu imechafuka, usipite nne na nusu, nitakutumia pesa kwa simu hapo hapo. Tofauti tutajua wenyewe, hata kuku moja ukija huku inatosha.

Kitu kimoja tu, kabla hujalipa geuza hiyo fimbo unipigie picha ya soli vizuri, kwa jua, si kwa taa ya duka. Hizi za mtumba wakati mwingine mwenyewe alizisaga kisigino ama zimelika kwa mchanga miaka na miaka, inaandikwa 14 na ukiiweka kwa simiti unaona makali yamelala chini kabisa. Ikiwa hivyo achana nayo. Na yangu ikifika utapata mkwaruzo mkubwa pale chini, ni jiwe, ni ile siku ya kiboko, usiniulize.

Msalimie shemeji.

Wako,
mchimbaji wa Kisumu