Kesho usiku: semeni yale mnayoogopa kuyasema

Wadau, kesho saa 2 usiku tunafungua mjadala wa maoni yasiyopendwa kuhusu Simba wetu, mwanamuziki Diamond Platnumz (Simba wa Tandale, si klabu ya Msimbazi). Ukiamini Diamond wa enzi za nyimbo kama Kamwambie na Mbagala aliandika vizuri kuliko huyu wa amapiano, sema. Ukiona EP yake ya First of All ya 2022 imeizidi albamu ya A Boy from Tandale ya 2018, sema pia, ila taja nyimbo. "Ni kali tu" haitoshi. Mimi niko na wale wa Mbagala, njooni mnibishie. Mahusiano yake, watoto na mama yake hawamo. Anayemleta mpinzani wake Ali Kiba kwa uchokozi tu, namtoa hadi asubuhi. Na voisi zisizidi dakika 1, jamani, bando ni ghali.